Kiti cha Upande Usio wa Kushoto

Ilikuwapo, na kama haikuwapo basi isiwe kesi, nchi moja iliyoitwa Upeo. Ilikuwa nchi huru, tajiri na yenye furaha. Mambo hayo matatu yaliandikwa ukutani kila mahali, na aliyeyafuta alifungwa. Nchi hiyo ilikuwa na ndege moja tu. Iliruka kutoka mji mkuu, Kitovu, hadi mji wa pili, Ukingoni, kisha ikarudi, kwa kuwa haikuwa na pengine pa kwenda.

Katika nchi hiyo aliishi mjane mmoja, Bi Sikudhani. Alizaliwa, akaolewa na kufiwa katika Bonde la Mchumvi, mpaka Serikali ilipogundua kwamba bonde lile lilikuwa na kasoro moja: halikuwa na maji juu yake. Likatangazwa kuwa Bwawa Kuu la Taifa. Wakazi wakahamishiwa Kambi ya Shukrani, wakapewa mahema, mablanketi na mwalimu wa kuwafundisha kushukuru. Baada ya muda mfupi redio ikatangaza kwamba bwawa limejaa pomoni. Mvua ilikuwa haijanyesha mwaka huo, lakini redio haikusema ni mvua iliyolijaza.

Bi Sikudhani alishukuru kama alivyofundishwa. Ila kitu kimoja kilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Siku chache kabla ya kuhamishwa, vijana wa Serikali walikuja na makopo ya rangi, wakapanda juu ya nyumba zote za bonde na kuyapaka mabati rangi ya buluu. Alipouliza sababu, aliambiwa ni ili samaki wakifika wasishtuke.

"Sasa niambie wewe," alimwambia jirani yake wa hema, Mama Chausiku. "Nani humvika maiti viatu vipya? Nyumba ya kuzama yapakwa rangi ya nini?"

"Ya kuzamia, shoga. Nyamaza. Mahema yana masikio."

"Yana matundu tu. Mimi sina makuu. Kama maji yapo, nyumba yangu na kaburi la mume wangu viko chini yake, basi nitalia mara moja nimalize. Na kama hayapo, hapa hemani nimekaa namngoja nani?"

Mama Chausiku alichungulia nje, kisha akaanza kushukuru kwa sauti kubwa, kwa usalama wake.

Bi Sikudhani alishajaribu kwenda kwa miguu. Barabara ya bondeni ilikuwa na kizuizi, na kwenye kizuizi walisimama askari waliovaa maboya kifuani, katikati ya vumbi.

"Rudi, mama! Utazama!"

"Nitazama kwenye vumbi?"

"Hilo ni vumbi la juu ya maji."

Ndipo binti yake, Tabu, alipojifungua kule Ukingoni, akamtumia mama yake tiketi ya ndege aende kumwona mjukuu. Kwenye simu Tabu hakusema neno kuhusu bonde, kwa maana simu za Upeo zilikuwa na wasikilizaji wengi kuliko redio. Alisema tu: "Mama, omba dirishani. Mbele ya bawa, maana ukikaa juu ya bawa utatazama bati safari nzima. Na uombe upande wa kulia. Mandhari yake ni nzuri mno."

"Nzuri namna gani?"

"Nzuri namna ya kwetu, mama."

*

Katika nchi nyingine mtu akitaka kuchagua dirisha la ndege huchagua tu. Huko Upeo hilo halikuwa jambo la mchezo. Palikuwa na Wizara ya Mandhari, Madirisha na Utazamaji, na wizara hiyo ilijua kwamba macho ya raia yakiachwa yazurure yenyewe, mwishowe yataona kitu.

Raia mwema aliomba dirisha la kushoto, upande wa Mlima Fahari, ule wenye theluji. Aliyeomba kiti cha ujiani alihesabiwa mvivu wa uzalendo. Aliyeomba cha katikati alionewa huruma. Aliyeomba upande wa kulia hakuwa ameonekana bado.

Nyuma ya meza, pale uwanja wa ndege wa Kitovu, aliketi Afisa wa Viti, kijana aitwaye Makwati, mwenye sare iliyopigwa pasi hadi ikaogopa kukunjika.

"Jina?"

"Sikudhani."

"Hukudhani nini?"

"Ni jina, mwanangu."

"Kila kitu ni jina mpaka kichunguzwe. Kiti gani?"

"Cha dirishani, mbele ya bawa. Upande wa kulia."

Makwati aliweka kalamu chini taratibu, kama mtu anayetua yai.

"Bibi, rudia neno la mwisho."

"Kulia."

"Kulia nini?"

"Kulia tu."

"Hakuna kulia tu. Kuna kulia chakula, na ndege hii haina chakula tangu mpishi apandishwe cheo akawa balozi. Kuna kulia machozi, na kulia machozi ndani ya chombo cha Taifa ni kulitukana Taifa. Wewe wataka kulia kupi?"

"Mkono wa kulia, baba. Huu hapa." Akauinua.

"Mkono huo ni wa nini?"

"Wa kulia."

"Kulia nini?"

Bi Sikudhani alifikiri. "Ugali."

"Ahaa!" Makwati aliinuka. "Kwa hiyo una ugali!"

Walimpekua. Hawakuona ugali, jambo lililozidisha wasiwasi, kwa sababu mtu asiye na ugali na bado anataka mkono wa kulia lazima anauficha mahali pa kitaalamu.

"Unajua upande huo kuna nini?" Makwati aliuliza, sasa kwa kunong'ona.

"Kuna bwawa. Serikali imesema."

"Na kama Serikali imesema, kwa nini utazame?"

"Nataka kulipongeza, mwanangu."

"Pongezi hutumwa kwa posta."

Akapiga simu.

*

Waziri wa Mandhari, Mheshimiwa Fumbwe Kisogo, hakuwa mbali. Siku ile alikuwa anasafiri kwa ndege hiyohiyo, na gwaride la kumsindikiza lilishajipanga. Alimsikiliza Makwati kwa dakika nzima akiwa amefumba macho. Wapambe wake walisema hivyo ndivyo anavyoona mbali.

"Ndugu wananchi!" alisema alipoyafumbua. "Na ndugu bibi mtuhumiwa! Nimetafakari. Nimegundua kwamba kwa miaka yote hii, ndani ya ndege yetu, nusu nzima ya abiria wamekuwa wakiketi upande wa kulia. Kulia! Wageni wanapanda, wanauliza, hawa nao wanaketi wapi? Wanajibiwa, kulia! Watatufikiriaje? Wananchi wangu wana sababu gani ya kulia?"

"Hawana!" wapambe wakajibu.

"Basi kuanzia saa hii, katika anga lote la Upeo, kulia kumefutwa! Hakuna kuketi kulia, hakuna kutazama kulia, hakuna kugeuka kulia! Atakayeushika upande huo kwa jina lake la zamani, Serikali nayo itamshika!"

Makofi yakalipuka. Mafundi wakaitwa na brashi zao. Ndani ya ndege, palipoandikwa KUSHOTO pakaachwa, na palipoandikwa lile neno pakaandikwa KUSHOTO YA PILI. Mkuu wa gwaride, ambaye alipaswa kuwageuza askari wake kulia ili watazame ngazi ya ndege, alimeza mate, akapaza sauti:

"Kushotoooo, geuka! Kushotoooo, geuka! Kushotoooo, geuka!"

Askari wakazunguka kama pia, wakafika palepale walipotakiwa, isipokuwa wawili waliopata kizunguzungu. Watu wote walishangilia. Bi Sikudhani peke yake hakushangilia. Aliwatazama askari wale kwa makini, na jambo fulani likamkaa akilini, ingawa wakati ule hakujua ni la kazi gani.

Kwa msamaha wa Waziri, alipewa dirisha mbele ya bawa, upande wa kushoto, akatazame mlima kama watu wenye akili.

*

Alipoingia ndani alielewa kwamba hata lile aliloliomba lisingemsaidia. Madirisha yote ya Kushoto ya Pili yalikuwa yamebandikwa picha za Mlima Fahari, moja kila dirisha, zenye theluji na ndege mweupe yuleyule anayeruka pembeni. Ndege ikifika Ukingoni, picha zile zilibanduliwa na kuhamishiwa upande wa pili kwa ajili ya safari ya kurudi. Wizara haikuwa na usingizi.

Safari nzima bonde litapita nyuma ya picha, na yeye amepangiwa kutazama barafu.

Kando yake akaketi bwana mmoja mnene, miwani myeusi, gazeti kalishika juu chini.

"Mimi ni abiria wa kawaida," bwana alisema.

"Sijakuuliza."

"Ndivyo abiria wa kawaida tulivyo. Tunajibu mapema. Naitwa Kishindo. Unatazama nini?"

"Kiti cha mbele yangu."

"Kwa nini?"

Bi Sikudhani akafumba macho. Kishindo akaandika kitu kiganjani, yamkini kwamba amefumba macho kwa nia.

Ndege ikaruka. Sauti ya mhudumu, binti mwenye tabasamu lililoshonewa, ikasikika: "Ndugu abiria, kushoto kwenu mnaona Mlima Fahari. Kushoto kwenu kwa pili mnaona Mlima Fahari."

Upande wa kwanza kulikuwa na mawingu matupu, lakini abiria walipiga makofi, kila mmoja akimtazama jirani yake kama naye anapiga. Mbele kabisa, Kushoto ya Pili, Waziri aliketi mbele ya picha yake, akaitazama kwa hisia. "Mlima haujatikisika," alisema. "Imara kama Serikali." Yule ndege mweupe wa pembeni alimfurahisha sana. Alisema anaruka kwa nidhamu.

Basi wakaenda, wakaenda, mpaka kipaza sauti kikakohoa.

"Ndugu abiria, hapa ni rubani wenu. Kwa kawaida tukifika hapa hukata kona kuelekea Ukingoni. Kona hiyo imefutwa leo asubuhi. Mimi nina familia, na kiinua mgongo changu kimekaribia. Kwa hiyo tutafika hukohuko, ila kwa njia ya gwaride. Fungeni mikanda."

Ndege ikageuka kushoto. Ikaenda kidogo, ikageuka kushoto tena, mpaka pua yake ikaelekea ilikotoka. Na mtu akigeuka akaelekea alikotoka, kilichokuwa mkono mmoja huwa mkono mwingine. Hili hata Wizara yenye madirisha matatu ya ofisi haikuwa imelifikiria. Mlima ukahamia nyuma ya picha za mlima. Na kule kwenye madirisha matupu, yaliyo wazi kabisa, likaja Bonde la Mchumvi.

Lilikuwa la buluu. Liling'aa jua lilipolipiga.

"Maji hayo!" mtu akasema, na makofi yakaanza. Waziri, akidhani yanamhusu, alisimama akapunga mkono.

Bi Sikudhani aliweka kipaji cha uso kwenye kioo. Kumbe yapo. Kumbe alikuwa anawadhania watu bure. Aliwaza kitanda cha kamba kikielea gizani, na mawe ya kaburi yakiota ukungu, na mume wake, ambaye hakuwahi kujua kuogelea.

Kisha rubani akaanza kushoto ya tatu. Bawa likalala, ndege ikainama ubavu, na bonde likapanda hadi dirishani kama sinia analoletewa mgeni.

Maji yalikuwa na pembe nne. Yalikuwa na pembe nne huku, na pembe nne kule, na katikati ya maji na maji kulikuwa na njia za vumbi.

"Kuna mbuzi anatembea juu ya bwawa," alisema Bi Sikudhani.

Mhudumu alifika mbio. "Ni wimbi, mama."

"Lina pembe."

"Ni la upepo mkali."

"Linakula nyasi."

"Mawimbi ya kwetu yamefunzwa kujitegemea, mama. Tafadhali tazama mlima."

Lakini hakuna aliyetazama mlima. Upande wote wa kushoto, vichwa vilibanana kwenye vioo. Fedha za bwawa, ilionekana wazi, zilizama zamani sana bila kusubiri maji. Bi Sikudhani aliona bati lake: lilikuwa na tairi la trekta juu, ambalo marehemu aliliweka ili upepo usilifunue. Nyuma ya nyumba aliona mawe meupe ya kaburi. Makavu, yanaota jua.

Kishindo alikuwa amevua miwani.

"Ile yenye ua wa matete," alisema kwa sauti ndogo isiyofanana na mwili wake, "ni ya shangazi yangu. Ndiye aliyenilea."

"Wewe si abiria wa kawaida?"

"Na shangazi alikuwa wa kawaida. Alifia Kambi ya Shukrani. Walimzika huku anashukuru."

Bi Sikudhani akayaachia machozi. Mhudumu alishtuka, akatazama mbele aliko Waziri, akainama.

"Mama! Kulia kumepigwa marufuku!"

"Silii, mwanangu," alisema Bi Sikudhani akijifuta kwa upande wa khanga. "Nashoto."

*

Kule Ukingoni kamera za televisheni ya Taifa zilikuwa zimesimama chini ya ngazi, zikirusha moja kwa moja mapokezi ya ndege ya kwanza duniani isiyo na kulia. Kabla mlango haujafunguliwa, Waziri alimvuta Kishindo pembeni.

"Yule bibi ameona nini?"

"Ameona buluu, Mheshimiwa."

"Buluu ya wapi? Si alikuwa upande wa mlima?"

"Mheshimiwa, tumegeuka kushoto sana."

Waziri alichukua muda kulielewa hilo. Lilipomwingia, jasho lilimtoka hadi kwenye tai. Akawatazama abiria, abiria wakatazama viatu vyao. Akashuka, akatabasamu kwa kamera, akamshika Bi Sikudhani bega kwa vidole vyenye nguvu.

"Bibi yetu huyu ametoka kutazama mandhari ya nchi yake. Hebu bibi, waambie wananchi. Umeona nini?"

Bi Sikudhani alielewa alipo. Akisema maji hayapo, ni jela. Akisema yapo, ni hema mpaka afe akishukuru. Njia iliyonyooka ilikuwa imefungwa pande zote mbili. Ndipo likamjia gwaride la asubuhi. Kumbe mtu aliyekatazwa kona anaweza kuifikia, mradi awe tayari kukubali, na kukubali, na kukubali tena.

"Nimeona maji, Mheshimiwa," alisema. "Buluu, mpaka macho yakauma."

Vidole vikalegea. Makofi.

"Na samaki?" Waziri aliuliza, sasa kwa raha. "Wanene?"

"Wanene. Wengine wana pembe."

"Mmesikia! Samaki wa Upeo wana pembe! Nchi gani nyingine inao?"

"Hakuna, Mheshimiwa. Ila limenisikitisha jambo moja. Maji mengi vile, samaki wengi vile, na sikuona mvuvi hata mmoja. Wageni wakipita juu watatufikiriaje? Watasema Wapeo ni wavivu. Mimi ni mjane, sina kazi. Naomba, mbele ya wananchi, niruhusiwe kwenda kuvua."

Waziri alifungua kinywa. Kamera nayo ikasogea.

"Bwawa lina kina kirefu, bibi."

"Nitavaa boya."

"Mawimbi ni makali!"

"Nimeyaona. Yamefunzwa kujitegemea."

Kishindo alipiga hatua mbele. "Na mimi, Mheshimiwa. Kuvua." Nyuma yake abiria wa kushoto wakaanza kupaza sauti, mmoja baada ya mwingine, kuvua, kuvua. Abiria wa Kushoto ya Pili, ambao hawakuona chochote ila picha, waliona wenzao wanashangilia na wao wakashangilia, kwa kuogopa kuachwa. Waziri alitazama kamera, kamera ikamtazama, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake alitamani kuangalia upande mwingine, ila alikuwa ameufuta.

"Serikali," alisema, "imeruhusu."

*

Watu wa Kambi ya Shukrani walirudi bondeni na nyavu mabegani. Mama Chausiku hakuwa na wavu, alibeba chandarua cha mbu. Kwenye kizuizi askari wa maboya waliwapigia saluti, wakawashauri wasiende mbali na ufuko.

Kijiji kikaitwa Kituo cha Uvuvi cha Mchumvi. Mahindi yaliyopandwa yaliitwa magugu ya majini. Tabu alipomleta mtoto, alimkuta mama yake amekaa barazani anabandua rangi ya buluu kwenye mlango. Mume wake alikuwa nyuma ya nyumba, mahali pake, na mawe yamefagiliwa.

Makwati, Afisa wa Viti, alitumwa kukagua. Alifika amekunja suruali hadi magotini ili isilowe, akitembea vumbini kwa hadhari, akiinua miguu kama korongo.

"Mbona kuna moshi chini ya maji?" aliuliza.

"Ni ukungu, mwanangu. Karibu."

"Na hicho kinachowika?"

"Samaki wa alfajiri."

"Hii si alfajiri."

"Huku chini saa zinachelewa kufika."

Bi Sikudhani akamwekea ugali na paja lililonona kwenye mchuzi. Makwati aliligeuza, akaligeuza tena, akalitilia shaka kwa muda mrefu.

"Samaki huyu ana paja."

"Wa kina kirefu hao. Hutembea."

Makwati alitazama nyuma yake, akatazama juu kama kuna ndege, kisha njaa ikamshinda. Alinawa, akaukunjua mkono, halafu akasita, akautazama kana kwamba ndio kwanza wanafahamiana.

"Bibi," alinong'ona, "mkono huu ni wa nini?"

"Wa kulia, mwanangu," alisema Bi Sikudhani. "Kula."

Akala, akaomba wa pili, na alipoondoka alikuwa amesahau kukunja suruali.

Hiyo ndiyo habari ya bwawa la Upeo, kama ilivyofika huku ikiwa kavu. Anayeitilia shaka na aende akajionee mwenyewe: anyooke na barabara ya vumbi hadi kwenye kizuizi, aazime boya, kisha akate kona upande usio wa kushoto.